Muulize Fundi wa Ifekti: Damu ya Pinki, Sura Inayoyeyuka na Jini la Baharini

Barua za mwezi huu kuhusu ifekti za filamu, yani damu, vidonda na maajabu ya kutengeneza, karibu zote zimetoka ukanda wetu huuhuu, Bagamoyo na Tanga, na ukizisoma kwa pamoja unaona watu wanalia na kitu kimoja: joto, unyevu na chumvi. Video tunazojifunzia wengi wetu zimerekodiwa na watu wanaofanya kazi kwenye vyumba vyenye kiyoyozi huko Marekani na Uingereza, sasa ukichukua maelekezo yao kama yalivyo ukaja kuyatumia ufukweni Dunda mwezi wa pili, utalia kweli. Nimejibu nilizoweza, zile ndefu nimezikata kidogo, msinune.

Fundi mambo. Tunasoma sanaa hapa Bagamoyo na tunatengeneza filamu fupi ya mvuvi aliyechomwa kisu. Damu tunachanganya maji, sukari na rangi nyekundu ya chakula, kwa macho iko fresh kabisa ila kwenye kamera inatoka pinki kama sharubati, alafu kwenye kanzu inatawanyika mpaka watu wanacheka. Tunakosea wapi? (Mwanafunzi, Magomeni Bagamoyo)

Poa mdogo wangu. Mna matatizo mawili, uzito na rangi, tuanze na uzito. Maji ya sukari ni maji ya sukari tu, hayawezi kutembea kama damu. Pika shira, ileile ya kaimati, sukari vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, ichemke mpaka ukiinua kijiko inashuka kama uzi, na kabla hujaipua kamulia ndimu. Hiyo ndimu usiiruke, bila ukali wake shira ikipoa inarudi kuwa sukari ya chengachenga na kamera ikisogea karibu inaziona zote. Wamarekani wao msingi wao ni sirapu ya mahindi, na mapishi yanayozunguka sana ni ya mzee Dick Smith, gwiji wa mekapu za filamu aliyefariki 2014. Ukikutana nayo kuwa makini, ile ya zamani ina dawa ya Kodak ya kusafishia picha za filamu, na hiyo ni sumu, kwahiyo haiingii mdomoni mwa mtu hata tone.

Sasa rangi. Rangi nyekundu ya chakula, hii ya biriani na kashata, inapitisha mwanga. Ukiiweka juu ya kitambaa cheupe mwanga unapita, unagonga weupe, unarudi na pinki. Damu ya kweli haipitishi mwanga hivo, ni nzito, ina kiza ndani. Kwahiyo chukua kakao nusu kijiko cha chai, ikoroge pembeni na maji kidogo isiwe na mabonge, tia kwenye shira yenye rangi nyekundu ya kutosha, alafu tone moja tu la bluu au kijani kwa kikombe kizima, moja nimesema, ukizidisha unapata rangi ya zambarau na mvuvi wenu atakuwa katoka sayari nyingine. Ikiwa bado inapitisha mwanga ongeza wanga wa mahindi uliopikwa, kidogo.

Kuipima mimina kwenye sahani nyeupe, inamisha sahani. Pale ilipokuwa nyembamba pembeni iwe nyekundu, pale ilipojikusanya chini iwe inakaribia weusi. Ikiwa nyekundu sawasawa kila mahali bado haijawa damu. Na usiamini macho yako, piga picha kwa kamera ileile na taa ileile mtakayotumia, juu ya kipande cha kitambaa kilekile cha kanzu. Mwongozaji Hitchcock kwenye filamu ya Psycho ya mwaka 1960 alitumia sirapu ya chokoleti kwenye ile sini ya bafuni, kwa sababu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na kilichohitajika ni kiza, wekundu hakuna wa kuuona. Unapikia lenzi, hupikii macho.

Kuhusu kutawanyika, pamba inavuta maji, hilo huwezi kulizuia ila shira nzito inatambaa polepole. Watu wanatia tone la sabuni ya vyombo ili ifuliwe kwa urahisi, kwenu msitie, sabuni inaisaidia kutambaa, na hata mngekuwa mnaitaka isingetakiwa kufika machoni wala mdomoni. Tafuteni kanzu tatu zinazofanana kabisa, kwa sababu teki ya kwanza, yani mara ya kwanza kurekodi, lazima mtu atacheka. Alafu kitu ambacho video hazisemi: shira ufukweni inaita nzi, nyuki na sisimizi wote wa wilaya. Damu ikae kwenye chupa iliyofungwa mpaka dakika ya mwisho, na mvuvi wenu kati ya teki mfunikeni chandarua. Nimeona maiti inajikuna katikati ya maombolezo.

Na kama mwili unakutwa asubuhi wakati kisu kilipigwa usiku, ongezeni kakao, damu ikikaa inageuka kahawia. Filamu nyingi za kwetu maiti ya jana ina damu ya sasa hivi.

Shikamoo fundi. Nafanya mazombi kwa jelatini, nikiibandika asubuhi ni moto wa kuotea mbali, ikifika saa nane mchana shavu limefika shingoni. Nikiweka pauda haisaidii. Pia kuna jamaa kwenye timu amegoma kuvaa anasema jelatini ni haramu. (Kijana wa Kaole)

Marahaba. Jelatini inafanya kazi yake, kuyeyuka kwa joto ndo tabia yake, na jasho linalisukuma shavu kutoka chini huku jua linalivuta kutoka juu. Wanaoitumia wanachanganya na gliserini, na wengi wanaongeza sorbito, kitu kitamu cha jamii ya sukari, ili iwe laini na isikauke, ila hata hivo kwenye mwili wa mtu anayekimbia magofuni Kaole juani haina maisha. Kwahiyo ama upange ratiba, sini za karibu za uso zipigwe kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi na mchana mpige za mbali, ama ubadilishe kitu unachotumia. Mwongozaji akikataa ratiba mwambie achague, ratiba au shavu.

Huyo jamaa yako msikilizeni, sio mkorofi. Jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ya nguruwe ipo na ya ng'ombe ipo, kwahiyo soma pakiti, tafuta iliyoandikwa halali, na mwonyeshe kabla hujamshika uso. Kuna ya samaki pia ila hiyo inayeyuka mapema zaidi, kwa shida yako ni kuongeza moto.

Mpira wa maji, yani lateksi, unavumilia jua. Ndo huuhuu utomvu wa mti wa mpira, Muheza wana shamba lake, unatiwa amonia usigande ndo maana ukifungua kopo machozi yanakutoka. Fungua madirisha. Na mtu yeyote kabla hujampaka mpake kidogo ndani ya mkono usubiri mpaka kesho yake, kuna watu miili yao inaukataa vibaya sana, kuvimba mpaka kukosa pumzi.

Silikoni ndo tamu kuliko zote, inatikisika kama nyama na joto letu hailijali, ila ni ghali na ina kisirani. Silikoni ya platinamu, ile inayogandishwa kwa platinamu, ukiikoroga umevaa glavu za lateksi haigandi. Itabaki inanata leo, kesho na keshokutwa. Ukitumia udongo wa kufinyangia wenye salfa ndani yake hivohivo. Tumia glavu za naitraili, hizo hazina lateksi, na udongo ulioandikwa hauna salfa. Watu wanarudisha silikoni dukani wakisema imeoza, kumbe ni glavu.

Umeuliza mbele huko kwenye barua kama unaweza kuchukua umbo la uso kwa jipsam moja kwa moja. HAPANA. Jipsam ikigandamana inatoa moto wa kuunguza, na haikuachii. Uingereza mwaka 2007 mwanafunzi wa miaka 16 alizamisha mikono kwenye jipsam darasani, akapoteza vidole. Usoni kinachogusa ngozi ni aljineti, ile wanayotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la meno, kwahiyo inapatikana kwa wauza vifaa vya meno. Inatengenezwa kwa mwani wa kahawia, sio huu wanaolima akina mama wa Mlingotini, huu wetu unatoa kitu kingine kinaitwa karajinani, usije ukaenda kuchemsha mwani wa watu. Matundu ya pua muda wote yabaki wazi na mtu mmoja kazi yake iwe kuyaangalia hayo tu, asishike simu. Jipsam inakuja juu ya aljineti kama gamba la kuishikilia, na ukitaka gamba lisivunjike nenda kakae nusu siku na fundi wa dari za jipsam, mwangalie anavyochana katani na kuilaza ndani ya ujiuji ule kabla haujashika. Elimu ya bure hiyo, na katani ni yetu.

Mwanangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kasema hataki ualimu anataka kazi ya kutengeneza vidonda vya filamu. Chumbani kwake kuna kichwa cha mtu cha udongo, jirani kaniuliza kama tunafuga mambo. Kwanza ni kazi? Pili atasomea wapi? (Mama, Ngamiani Tanga)

Shikamoo mama yangu. Nimecheka lakini nimekuelewa, kwenye mitaa yetu kichwa cha mtu dirishani kinaweza kuleta kikao. Mwambie kikikauka akifunike shuka, na hao majirani awaite siku moja awapake kidonda mkononi, mtaa mzima utakuwa unapiga foleni.

Ni kazi, ila nisikudanganye, filamu peke yake hapa nyumbani haimlishi mtu mwaka mzima. Wanaoishi nayo ninaowafahamu wanachanganya: mekapu za maharusi mwisho wa wiki, matangazo ya biashara yanayolipa vizuri kuliko filamu, vinyago na mavazi ya jukwaani, na kuna moja watu hawaijui, majeraha ya mazoezi. Wanaofundisha huduma ya kwanza, zimamoto, manesi, wakifanya zoezi la ajali wanahitaji mtu aonekane kavunjika mfupa umetoka nje, ili mwanafunzi azoee kuona kabla hajakutana nayo barabarani. Hiyo ni kazi safi, mteja analipa kwa wakati, na haina mwongozaji wa kukwambia pesa utapata filamu ikitoka.

Kusoma, hapa Bagamoyo tuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa taasisi ya kiserikali inayojitegemea 2007. Ushauri wangu akifika asitafute mlango ulioandikwa ifekti, ashike uchongaji, uchoraji na ufundi wa jukwaani, aelewe mwili wa mtu ulivyojengwa, mengine yanajengeka juu ya hapo. Kitu kingine mwambie aanze sasa hivi daftari la picha, kila kazi apige picha hatua kwa hatua, kuanzia udongo mpaka usoni, maana mteja anataka kujua kama wewe ndo umefanya. Na kabla hajanunua hata gramu ya silikoni kwa ajili ya kazi ya mtu, apokee malipo ya awali yanayofika gharama za vifaa. Maneno mazuri anaweza kuyapokea baadae.

Kama atakuja kukwambia anaenda kwenye ifekti za kompyuta kwa sababu huko ndo kuna mamilioni, ajue na upande wa pili. Februari 2013 filamu ya Life of Pi ilichukua tuzo ya Oscar ya ifekti wakati kampuni ya Rhythm & Hues iliyomtengeneza yule chui milia ilikuwa imeshatangaza kufilisika, na nje ya ukumbi wafanyakazi wa ifekti walikuwa wanaandamana. Februari 2025 kundi la kampuni za Technicolor nalo likaanguka, na studio zake kubwa za ifekti zikafungwa. Simkatishi tamaa, nasema tu ajira ya kudumu kwenye hii biashara ni adimu kokote duniani, kwahiyo mtu anayejua kushika udongo NA kompyuta analala vizuri kidogo.

Bro, tuna sini ya majambazi kwenye mapango ya Amboni, risasi zinarindima alafu mlipuko. Tumepata fataki na petroli lita tano, na kuna mtu ana gobore la babu yake. Tunataka mbinu ya kufanya mlipuko uonekane mkubwa. (Mwongozaji, Chumbageni)

Bro, rudisha petroli kituoni. Ile pango ni chokaa, njia nyembamba, kiza, popo kibao, moto ukila hewa mle ndani mnatoka wangapi? Na gobore lirudi kwa babu. Mwaka 1993 Marekani mwigizaji Brandon Lee alikufa kwenye seti kwa bastola ya filamu, kipande cha risasi kilikuwa kimebaki kwenye mtutu bila watu kujua. 2021 tena, mpiga picha Halyna Hutchins kafa mazoezini kwa bastola iliyosemekana haina kitu. Hao walikuwa wameajiri wataalamu wa silaha. Nyie mna gobore la babu.

Seremala akuchongee bunduki za mbao, pakeni rangi nyeusi isiyong'aa, sugueni penseli kwenye kingo ionekane chuma kilichochakaa. Mwanga wa risasi mtu wa kuhariri anauweka baadae, fremu moja au mbili tu, yani picha moja au mbili za video, ila watu wanasahau kwamba mwanga huo lazima umulike na ukuta na uso, kwahiyo kwenye seti awepo mtu na taa kali ndogo nje ya fremu anaiwasha na kuizima kila mwigizaji anaporusha bega. Hapo ndo jicho linadanganyika. Mlipuko pigeni nje ya pango, moto uongezwe kwenye kompyuta, mlichofanya kwa mkono kiwe vumbi la udongo uliochekechwa linalotupwa kutoka pembeni, waigizaji wafumbe macho na midomo, wasio kwenye fremu wavae barakoa. Usitumie unga wa ngano au sembe karibu na moto wowote, unga ukiwa hewani ukikutana na moto unalipuka, viwanda vya unga vimelipuka hivohivo.

Alafu kibali cha Bodi ya Filamu, kibali cha wanaosimamia mapango, na polisi na mwenyekiti wa mtaa wajue siku na saa. Bunduki ya mbao kwa mbali ni bunduki.

Fundi habari. Tuna stori ya jini linaibuka baharini saa ya magharibi na kutembea juu ya maji. Tuna simu nzuri, laptop ya kawaida, na tumenunua mita kumi za kitambaa cha kijani. Tukitundike ufukweni? (Kikundi cha vijana, Bagamoyo)

Nzuri. Kitambaa msikitundike ufukweni, upepo wa baharini utakigeuza tanga, na kila mkunjo ni kivuli na kila kivuli ni kijani tofauti ambacho programu itashindwa kukikata ili iweke bahari nyuma ya jini. Ufukweni pigeni bahari tu. Jini lipigwe baadae uani kwenye kivuli, kitambaa kimevutwa kikakaza pande zote, na mtu asimame mbali nacho ili kijani kisimrudie kwenye ngozi na kanzu. Kinatumika kijani kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi, na vihisi vingi vya kamera vina vidoti vya kijani mara mbili ya vya nyekundu au bluu, picha yake inakuwa safi.

Kazi kubwa ni daftari. Siku ya bahari andikeni simu ilikuwa urefu gani kutoka mchangani, imeinama kiasi gani, lenzi gani, jua liko upande gani, saa ngapi. Chukueni mpira mliopaka rangi ya kijivu isiyong'aa, mshike pale jini litakaposimama, mrekodi sekunde chache, baadae uani mnaangalia mpira ule mwanga ulitoka wapi na mnapanga taa hivohivo. Watu wanaliweka jini lenye jua kushoto kwenye bahari yenye jua kulia alafu wanasema laptop ndo mbovu. Na picha tupu ya bahari bila mtu irekodiwe palepale, sio baada ya chai, hapa kwetu maji yakianza kupwa, hasa bamvua, mstari wa mchanga mbichi unakimbia na hamtaupata tena siku hiyo. Simu iwekeni kwenye mpangilio wa mkono, fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/50 ya sekunde, na kama jua bado kali wekeni kioo cha kupunguza mwanga, mkiiachia simu ijiamulie itakata kila tone la maji kama kisu na jini litaonekana limebandikwa.

Kuunganisha tumieni programu ya kompyuta inaitwa Blender, ni bure, na filamu ya Flow iliyoshinda Oscar ya katuni 2025 ilitengenezwa nayo. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, nayo ina toleo la bure.

Ila kabla ya yote hayo jaribuni ujanja wa Georges Méliès, mtengeneza filamu Mfaransa, ambaye kwa simulizi yake mwenyewe kamera ilimkwama mtaani Paris mwaka 1896, akaendelea kuzungusha, na kwenye picha basi likageuka gari la maiti. Simu juu ya stendi isiyotikisika, rekodi bahari tupu, simamisha, jini liingie majini, rekodi tena. Limetokea. Dakika tano. Mashine ya kuinuka majini msijenge kabisa, papa wa chuma wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975 aliharibikaharibika kwenye maji ya chumvi mpaka mwongozaji Spielberg ikabidi amfiche sehemu kubwa ya filamu, na wao walikuwa na pesa.

Akili bandia itatumaliza? (Bila jina, Tanga)

Kazi za kukata watu kwenye picha fremu kwa fremu, ambazo vijana wengi wanaanzia, tayari mashine inazifanya kwa haraka sana na itaendelea kuzila. Anayejua kwa nini mwanga ule ni wa saa kumi jioni na sio saa nne asubuhi bado anaitwa kuja kurekebisha.

Lateksi imeng'oa nyusi za mwigizaji wetu mkuu, tumebakiza siku nne za kurekodi. Tufanyeje? (Mekapu, Pangani)

Poleni, na yeye mpeni pole zaidi. Nyusi zichoreni nywele moja moja kwa penseli mbili, nyeusi na kahawia, mkifuata picha za sini zilizopita, mwisho pauda ili jasho lisizifute, na kamera isisogee karibu kuliko kifuani mpaka mmalize. Siku nyingine nyusi, ndevu na vinyweleo vya mbele ya masikio vipakwe Vaseline nzito kabla lateksi haijakaribia, na kuibandua tumieni maji ya uvuguvugu na mafuta kuanzia pembeni, taratibu, hata kama mwigizaji ana haraka ya kuwahi boti.